Kucha Safi za Mtoto wa Mfinyanzi

Mfinyanzi mmoja alikuwa na mtoto wa kike ambaye mkono wake wa kulia haukufunguka.

Mfinyanzi huyo aliitwa Tumpe. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alisoma hadi kidato cha nne, na cheti chake kilikuwa ndani ya bahasha juu ya kabati, lakini kazi aliyoishika ilikuwa ile ya mama yake na ya bibi yake, kufinyanga vyungu na mitungi kando ya ziwa. Mtoto aliitwa Subilaga, nao wakazoea kumwita Subi. Alizaliwa akachelewa kulia. Wakunga walimsugua mgongo, wakamsugua tena, wakaitana, na Tumpe amelala pale hajui ashike nini, akawa anahesabu pumzi zake mwenyewe, kumi, ishirini, thelathini, ndipo kilio kikaja, chembamba kama mluzi wa mtu aliye mbali. Alipopewa mtoto hakumtazama uso. Alimtazama kifua kama kinapanda.

Sasa, katika kijiji kile iko sheria ya kazi ambayo kila binti anaijua hata kabla ya kufunga khanga mwenyewe: chungu kibichi hakiachwi upeponi. Ukishakijenga unakifunika kwa majani ya mgomba, unakiweka ndani kivulini, hukisogezi, hukigusi, maana upepo ukikipiga upande mmoja kinapasuka. Sheria hiyo ni njema kwa vyungu. Tumpe akaichukua akamvika mtoto. Mkulima asingefanya kosa hilo, maana anajua mche uliofunikwa hufa. Mvuvi asingelifanya. Ni mfinyanzi tu angelifanya, tena mfinyanzi mwenye hofu.

Alimfunika. Khanga juu ya khanga, kofia juani, soksi mchana, na mgongoni, mgongoni, siku zote mgongoni. Alifinyanga Subi akiwa mgongoni, alichota maji Subi akiwa mgongoni. Mtoto alipofika miaka mitatu akaanza kutembea, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, na kila alipopiga hatua tano mama alishafika, hebu njoo, utaanguka, njoo mama. Alimlisha, alimfuta, alimshikia kikombe. Subi akiunyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kutaka kitu, kitu kilikuwa kimeshafika mdomoni. Na ule wa kulia ulikaa umekunjwa kifuani, ngumi, dole gumba ndani, kama mtu aliyeficha senti asiyotaka kuombwa.

Subi alipotimiza miaka minne Tumpe akapata mimba ya pili. Hapo ndipo hofu ikapata tarehe.

Mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Mama Asajile, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema. "Mgongo ni mmoja, Tumpe," alisema huku akichambua mboga. "Huyo anayekuja ataukuta una mwenyewe." Na ilikuwa kweli. Katika ua ule watoto wote, watano wa wifi yake na wengine wa jirani, walikula mchana kutoka sinia moja, kwenye mkeka, na sinia lile halikumsubiri mtu. Siku moja Tumpe alijaribu kumkalisha Subi pale. Mtoto akapeleka mkono alio nao, wa kushoto. Mama Asajile akaushika kwa upole akautoa, kama ambavyo bibi yeyote angefanya, akasema, "Huo hauingii chakulani, mjukuu wangu." Watoto wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka tu, na kufikia wakati kicheko kimeisha sinia lilikuwa jeupe. Tumpe akamnyanyua mwanawe akaenda kumlisha ndani, mlango umefungwa. Ilikuwa imebaki miezi mitano ajifungue. Atamlisha nani? Nikiwa nimelala na kichanga, atamlisha nani? Na kama nisipoamka? Swali hilo lilikuwa likimjia akikanda udongo, akisuka nywele, akijibu salamu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi alikuja zahanati mama mmoja aliyesomea mazoezi ya watoto, aliyetoka milima ya mbali, jina lake Nsia. Hakuwa na koti jeupe. Alitandika mkeka sakafuni, akamwaga maharage, vibanio vya nguo, mpira mmoja uliopungua upepo na kipande cha sponji, akakaa chini na watoto kana kwamba amekuja kucheza yeye. Tumpe alipofika zamu yake maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Dada, mimi sijui nilikula nini, au ile siku niliyobeba kuni, au nililala vibaya, wanasema labda nilivuka moto wa vyungu na mimba, na mimi kweli nilivuka, mara moja tu, sasa sijui..."

"Pumua kwanza, mama Subi," Nsia akasema.

Akapumua. Nsia akamweleza polepole. Kwamba mtoto alipochelewa kulia, hewa ilichelewa kufika kichwani, na sehemu inayotuma habari kwenye mkono ule iliumia. Haukuwa moto, hazikuwa kuni, halikuwa kosa la mtu. Mkono haukuvunjika, habari tu zinaufikia kwa shida. Huenda usiwe kama mwenzake hata siku moja, lakini unaweza kuwa msaidizi wa mwenzake, na mkono haufundishwi kwa maneno, unafundishwa kwa kazi. Kisha akauliza, "Nyumbani mna nini cha kuchezea?"

"Hatuna kitu, dada. Udongo tu."

Nsia akacheka akainua kile kipande cha sponji. "Mimi nimesafirishwa na serikali na hiki. Wewe una mlima mzima."

Akamwonyesha. Kuupasha mkono joto kwanza, kwa maji au kwa viganja. Kutovuta vidole, bali kuvinyoosha kuanzia upande wa dole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua jani changa. Kumpa udongo laini aubonye, aupake, auangushe. Asubuhi na alasiri. Na chakula ajilishe mwenyewe kile anachoweza, hata kikimwagika.

Tumpe aliitikia kila neno. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alijua kuitikia. Akafika nyumbani, kesho yake akampa Subi tonge la udongo, Subi akalia. Alilia kwa sababu lilikuwa la baridi, na kwa sababu hajawahi kuombwa na mtu kufanya jambo. Tumpe akalitupa tonge, akamwosha mikono, akambeba. Kesho, alisema. Kesho ikaja na mvua. Keshokutwa palikuwa na vyungu vya kuchoma. Hivyo hivyo, hivyo hivyo, hadi Jumatano ya mwezi uliofuata.

"Mnafanya?" Nsia akauliza.

"Tunafanya, dada. Kila siku. Asubuhi na alasiri, hatukosi."

Nsia akauchukua mkono uliokunjwa, akaukalisha kwenye kiganja chake, akainama akatazama kucha. Akauchukua na wa kushoto akatazama kucha. Zilikuwa nyeupe kama punje za mchele.

"Mama Subi," akasema, "mtoto wa mfinyanzi, kucha safi hivi?"

Wanawake kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akapiga makofi. "Hee! Hata mume wangu hashiki udongo, na kucha zake hazijafika hapo!" Mwingine akadakia, "Huyo labda mtoto wa mkuu wa wilaya!" Tumpe naye akacheka, maana angefanya nini, akacheka kwa sauti kuliko wote, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hakujua lini moja liliisha na jingine likaanza. Nsia akamwacha alie mpaka mwisho. Kisha akamwambia neno moja, kwa sauti ya chini, ili benchi lisisikie.

"Unamshikia kila kitu asidondoshe, mama. Lakini asiyedondosha hajifunzi kushika."

Tumpe akarudi nyumbani amekasirika. Njia nzima alimjibu Nsia moyoni, tena majibu mazuri, yeye anajua nini, ana wangapi, amewahi kungoja kilio? Alipofika hakuingia ndani. Akaenda banda la kufinyangia, akaketi juu ya kiti kifupi alichoachiwa na mama yake, Subi amelala mgongoni, na pale, kwa sababu ya harufu, kwa sababu udongo uliomwagiwa maji mchana una harufu moja tu duniani na harufu hiyo haizeeki, akamkumbuka mama yake.

Alikuwa amefariki Tumpe akiwa kidato cha tatu, na tangu hapo Tumpe alikuwa akimkumbuka akiwa mgonjwa, kitandani, amekonda. Siku hiyo alimkumbuka akiwa na nguvu. Alimkumbuka amekaa juu ya kiti hiki hiki, miguu imenyooshwa, khanga imefungwa kifuani, na yeye Tumpe katikati ya miguu ile, mdogo, kichwa chake chini ya kidevu cha mama. Mama alikuwa akiimba bila maneno, na sauti ilikuwa ikishuka kupitia kidevu mpaka ndani ya utosi, ikatetemeka humo. Jamani, siku zile. Mama alimpa kipande cha udongo, Tumpe akaviringisha nyoka. Akatengeneza mkate. Akatoa vijiwe kimoja kimoja. Akapewa kokoto laini asugue chungu, akasugua mahali pamoja mpaka pakaingia shimo, na mama akacheka kile kicheko chake cha puani. Vyungu vya Tumpe vya kwanza vilikuwa na midomo iliyopinda kama ya mtu aliyeonja ndimu, na mama alivichoma pamoja na vyake, katikati kabisa ya moto, pahali pazuri.

Na akakumbuka siku ya mtungi. Alikuwa na miaka mitano. Mama alikuwa amejenga mtungi mkubwa wa maji kwa siku mbili, wa harusi, umeagizwa, na Tumpe akausogelea mama alipokwenda ziwani, akataka tu kuugusa, kidole kikazama, akaogopa akavuta, ubavu mzima ukaanguka. Akakimbilia nyuma ya nyumba akajikunja. Alisikia miguu ya mama ikija. Alisikia ikisimama bandani. Kisha mama akaja, akamshika mkono uleule uliobomoa, akamrudisha, akamkalisha mahali pake, akauweka udongo wote ulioanguka mapajani mwake. "Kanda," akasema. "Udongo haujaisha mlimani." Basi. Harusi ilicheleweshewa mtungi, watu wakanung'unika, na Tumpe hakuwahi kusikia habari hiyo tena.

Akiwa amekaa pale Tumpe akaelewa jambo ambalo aliona haya kulielewa akiwa na cheti cha kidato cha nne. Mama yake hakuwahi kumfundisha kazi hata siku moja. Alimwachia tu. Nyoka wale, mikate ile, vijiwe vile, ilikuwa ndiyo mikono inajengwa, kidole baada ya kidole, na mama hakujua jina la jambo hilo wala hakuandikiwa na mtu. Alijua tu kwamba mtoto akikaa kati ya miguu yako na kuharibu, atakuwa mtu.

Asubuhi iliyofuata alimfungua Subi mgongoni. Akakaa, akanyoosha miguu, akamweka mahali pale, tumbo lake la miezi mitano likimsukuma mtoto mbele kidogo. Palikuwa na mtungi mbele yao, kazi ya juzi, akaufunua majani. Alikuwa ameulowesha ubavu wake kwa maji ya vuguvugu usiwe wa baridi. Akamwekea Subi kidevu utosini. Hakukumbuka wimbo, ila aliukumbuka mtetemo wake, akautoa huo. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyofanya tangu leba: akaiweka mikono yake mwenyewe chini ya mapaja yake, akaikalia.

Subi akatazama mtungi. Akatazama nyuma kumtafuta mama, aone kama kitu kitakuja chenyewe. Hakikuja. Akaupeleka wa kushoto, akaupiga. Akapenda. Akajisukuma mwili mzima mbele na ngumi ile ya kulia, kwa uzito wake wote, ikaingia ubavuni mwa mtungi mpaka kwenye kifundo cha mkono, na ubavu ukaporomoka juu yake.

Tumpe alisikia mikono yake ikipiga kelele chini ya mapaja. Hakuitoa.

Mtoto alijaribu kuvuta, udongo ukamshika. Akavuta tena. Humo ndani, kwenye joto na ulaini, ambako hakuna aliyemvuta wala kumharakisha, kitu kikalegea. Alipoutoa mkono ulikuwa bado ngumi. Lakini ndani ya tundu lililobaki kwenye udongo, Tumpe aliingiza kidole akapapasa, na kando ya alama za vifundo vinne akakuta alama ya tano, ndogo, ya ncha ya dole gumba. Dole lilitoka nje. Kidogo tu. Lilirudi, lakini lilitoka.

"Kanda," akamwambia mwanawe.

Tangu siku hiyo walifanya. Haikuwa hadithi ya siku tatu. Ziko asubuhi Subi alilia na Tumpe akalia naye, na ziko asubuhi mkono ulikuwa mgumu kama ufunguo uliolala kwenye kutu. Wiki ya tatu dole gumba likakaa nje. Mwezi wa pili vidole viwili vikakubali kulala juu ya udongo. Mama Asajile alipita bandani akasimama na ndoo. "Siku hizi dawa ni matope? Tungejua, tungewaogesha ninyi wote kwenye dimbwi." Lakini alisimama muda mrefu kuliko mtu anayepita. Siku nyingine alileta kigoda chake. Watoto wa wifi wakaja, wakafinyanga mbuzi na magari, na kila kilichobomoka kilibomolewa na Subi, wakamwita Tetemeko, na Subi akalipenda jina hilo kuliko alilobatizwa.

Jumatano ya zahanati iliyofuata Nsia aliinua mikono ya mtoto akawaonyesha benchi zile kucha, zimejaa weusi mpaka kwenye nyama. "Haya, mkuu wa wilaya yuko wapi?" akasema. Benchi likashangilia kama harusini.

Nani atakayesema juu ya mgongo wa Tumpe? Maana hata huo una habari yake. Akienda ziwani mikono mitupu alihisi baridi pale kati ya mabega, mahali palipokuwa na joto la shavu miaka minne, na mara nyingi alipeleka mkono nyuma kurekebisha mbeleko ambayo haikuwepo. Alifurahi, na alikuwa kama aliyehama nyumba. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake wala hayakugombana.

Ikafika mwezi wa tisa. Mchana mmoja Tumpe alikuwa ameketi mlangoni, mzito, miguu imevimba, na wifi yake akaweka sinia la ugali na dagaa wa ziwani juu ya mkeka, mbele ya kigoda alichokalia Mama Asajile. Watoto wakakaa. Subi alikuwa bandani. Hakuna aliyemwita. Akatoka mwenyewe, akiburuta mguu, akaja, akajipenyeza kati ya binamu wawili, akaketi.

Sinia lile lilikuwa na tabia ya kuteleza. Mikono sita ikichota upande mmoja linakimbia, kila siku ni ugomvi. Subi akauinua mkono wa kulia kutoka kifuani. Aliuinua polepole, kama mtu anayenyanyua ndoo. Akauweka juu ya ukingo wa sinia, vidole viwili juu, dole gumba chini, na ukashika. Sinia likatulia. Kisha mkono wa kushoto ukaja, ukasimama hewani juu ya ugali, haukuingia.

Watoto wote wakamtazama bibi.

Tumpe akashika mwimo wa mlango. Alitaka kuinuka, aende, amnyanyue kabla hajaambiwa, afunge mlango. Mwili wake wote ulikuwa umeshaanza kwenda. Akabaki.

Mama Asajile hakuutazama mkono wa kushoto. Aliutazama ule wa kulia, unaotetemeka na kushika, unatetemeka na kushika. Aliutazama mpaka mmoja wa watoto akameza mate kwa sauti. Miaka sitini alikuwa amekula na kulisha kwa sheria ile, na mama yake kabla yake.

"Leteni maji," akasema. "Mnawisheni mikono yote miwili."

Wakamnawisha. Tonge la kwanza likaangukia gauni, na dagaa wake, na Tetemeko akachekwa, naye akacheka. La pili likafika mdomoni. "Na ninyi mnamtazama nini kama mgeni?" bibi akawafokea wengine. "Kuleni, ugali unapoa."

Basi ninyi mnaolea, nijibuni. Mtoto yule, mama yule, na bibi yule: kati yao watatu, ngumi iliyochelewa kufunguka ilikuwa ya nani?